Kosa Langu ni Mbaazi

Mimi ni mkaazi wa Mombasa mwenye umri wa miaka 52, na katika umri huo wote sijapata kushtakiwa kwa lolote isipokuwa kosa moja, ambalo mke wangu hunisomea kila asubuhi mbele ya watoto: kwamba natia mbaazi ndani ya boflo. Kwa itikadi yake, mbaazi za nazi zimeozeshwa mahamri, na mtu anayezifutika baina ya slesi mbili za mkate ni mvunja ndoa. Nimemweleza mara nyingi kwamba mahamri yakimalizika mbaazi hubaki wajane sufuriani, na kwamba si uungwana kuziacha katika hali hiyo, lakini utetezi wangu haujapata kusikilizwa hadi mwisho.

Jumamosi iliyopita binti yetu mkubwa, aliyekuwa amepokea mshahara wake wa kwanza, alitualika katika mkahawa mmoja wa Nyali ambamo hata maji huletwa yakiwa na kipande cha tango, sijui kwa maradhi gani. Nikaagiza sandwichi. Ililetwa juu ya ubao, ubao hasa wa kukatia vitunguu, ingawa niliona kwa macho yangu sahani nzima zikipita kuelekea meza nyingine. Nilipoifunua nikakuta ndani yake rojo zito la dengu zilizopondwa pamoja na ufuta, ndimu na kitunguu thomu, na bei yake ilikuwa shilingi 650.

"Hizi ni mbaazi," nikasema.

"Baba, hiyo ni humusi. Ni chakula cha Waarabu wa Shamu."

"Basi ni mbaazi zenye pasipoti."

Nikamgeukia mke wangu nikitarajia kwamba, baada ya miaka yote ya kunihukumu, angalau leo angetoa hukumu ileile kwa mtu mwingine. Yeye alikuwa amefumba macho akitafuna polepole, kisha akatamka kwamba ni tamu na kwamba angependa kujua inavyotengenezwa.

Nililelewa Majengo na bibi yangu, mtu ambaye hakuamini kwamba kuna kitu kisichoweza kuingia ndani ya mkate. Boflo lilinunuliwa nusu, na lililowekwa ndani yake lilitegemea kilichosalia: papa wa jana, achari ya embe, ndizi mbivu iliyopondwa, au sukari iliyonyunyiziwa maziwa kidogo tu ili isimwagike njiani. Siku za baada ya Idi tulikula boflo kwa haluwa, na nasema bila haya kwamba sijaonja tena kitu kama kile, kwa sababu haluwa ikikutana na mkate wa moto hulegea na kuanza kutafuta njia ya kutokea, na mlaji hulazimika kuizungushia ulimi kama mlinzi wa zamu.

La mabuyu nililizua mwenyewe. Nilikuwa darasa la tatu nilipojaza mkate wangu mabuyu, yale yanayopikwa kwa sukari, iliki, pilipili na rangi nyekundu, nikaufunga kwa gazeti na kuutia mkobani. Nadhani huo ulikuwa mkate wa pekee duniani ambao mlaji humaliza kula akabaki na mbegu kiganjani. Hadi saa ya mapumziko joto lilikuwa limefanya kazi yake. Rangi ilikuwa imepenya mkate, gazeti, madaftari na shati. Mwalimu aliponiona midomo yangu, mikono yangu na kifua changu, alipiga ukelele, akanibeba mbiombio hadi ofisini, na huko ndiko alikogundua kwamba jeraha lina harufu ya iliki. Viboko nilivyopewa vilikuwa vya kumfidia hofu yake.

Niliyasimulia haya mezani, na binti yangu, kwa kuniokoa au kuninyamazisha, akafungua simu yake akasoma kwamba jina la sandwichi linatokana na John Montagu, Lordi wa nne wa Sandwich, Mwingereza wa karne ya 18, ambaye husimuliwa kwamba alitaka nyama ndani ya mkate ili asilazimike kuiacha meza ya kamari. Yaani mcheza kamari amepewa chakula kizima kibebe jina lake, na bibi yangu, ambaye hakupata kuikosa sala ya alfajiri, hajapewa hata kaimati moja!

Hata viazi vya karai, ambavyo mke wangu hukubali kuvila kando ya mkate lakini si ndani yake, kule Mumbai vina heshima zao. Kiazi huchovywa katika unga wa dengu, hukaangwa, na huingizwa ndani ya mkate uitwao pav, neno walilolipata kwa Wareno. Wareno haohao walikuja hapa, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakatuachia meza, leso na gereza. Kuhusu kiazi ndani ya mkate hawakutufaa kitu.

Hatimaye nilimwita mhudumu nikamwomba chatne ya ukwaju, kwa sababu humusi ile ilikuwa imepooza. Kijana akainama akaninong'oneza, "Mzee, haimo katika orodha, lakini mpishi ana chupa yake mwenyewe." Akaileta kwa siri, ameifunika kwa kitambaa. Nilimshukuru sana mpishi yule, nikamwombea dua kimoyomoyo, na mke wangu akaichovya sandwichi yake mara tatu huku akitazama dirishani.

Hesabu ilipoletwa, mstari wa mwisho ulisomeka: mchuzi maalumu wa Pwani, shilingi 120. Chupa ilikuwa bado nusu. Nikaifunga kizibo, nikaitia mfukoni.