Mabilioni ya Farasi wa Ayalandi Yanaishia Mikononi mwa Nani?

Kila mwaka, kwa kawaida Oktoba, serikali ya Ayalandi inaposoma bajeti, kuna fungu moja lisilokosa kuzua mabishano: Mfuko wa Mbio za Farasi na Mbwa. Kwa mwaka 2025 ulitengewa yuro milioni 99.1. Asilimia 80 ya fedha hizo huenda kwenye farasi, kupitia Horse Racing Ireland, chombo cha umma kinachosimamia mbio, na asilimia 20 kwenye mbio za mbwa. Wapo wanaouliza nchi ambayo vijana wake hawapati nyumba za kupanga inawezaje kutoa kodi ya wananchi kuwazawadia matajiri wenye farasi. Wabunge wa vijijini nao hujibu kwamba bila farasi, vijiji vya kaunti za Kildare, Tipperary, Limerick na Wexford vingebaki na wazee tu.

Nimefuatilia mjadala huu kwa muda, na naona pande zote mbili zinagombania swali jepesi. Kwamba farasi wanaleta pesa kijijini, hilo halina ubishi. Swali gumu ni pesa hiyo ikishafika inamkuta nani, na inampita nani.

Tuanze na takwimu, maana ndizo silaha ya watetezi. Ripoti ya kampuni ya Deloitte iliyotolewa mwaka 2023 ilikadiria kwamba sekta ya farasi wa mbio ilizungusha yuro bilioni 2.46 mwaka 2022 na kubeba ajira 30,350, za moja kwa moja na zisizo za moja kwa moja. Ripoti ya awali, ya hesabu za mwaka 2016, ilitaja yuro bilioni 1.84 na ajira 28,900. Kwa nchi yenye watu milioni tano na kidogo, hizo ni namba nzito.

Lakini ziweke bega kwa bega. Fedha zimeongezeka kwa karibu theluthi moja ndani ya miaka sita, ajira kwa asilimia tano tu. Hata ukiondoa mfumuko wa bei, pengo linabaki. Kisha bilioni hizo ni matumizi yaliyozunguka, si faida iliyobaki kwa mtu. Na aliyeagiza ripoti zote mbili ni Horse Racing Ireland, anayepokea ruzuku. Sisemi takwimu ni za uongo. Nasema aliyeagiza hakuwa na sababu ya kuuliza fedha hizohizo zingezaa nini kama zingepelekwa kwenye maziwa, misitu au ufundi.

Hata hivyo kuna jambo moja linalowapa watetezi haki kubwa, na wakosoaji wa mjini hulipita haraka mno. Ni namna farasi hawa wanavyozalishwa.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Meru au Rungwe anaujua uhimilishaji. Mbegu ya dume la Ulaya husafiri imegandishwa ndani ya mtungi wa naitrojeni, mtaalamu anakuja na pikipiki, kazi inaisha zizini. Kwa farasi wa mbio wa jamii ya Thoroughbred jambo hilo ni marufuku duniani kote. Mtoto aliyetokana na uhimilishaji hasajiliwi, na asiyesajiliwa hakimbii. Lazima jike apelekwe kwa dume, wakutane ana kwa ana.

Sasa tazama maana yake kwa kijiji. Asubuhi ya Machi, baridi bado kali, mkulima wa Limerick mwenye ng'ombe wa nyama na farasi jike wawili anafungua mlango wa trela. Jike ana mtoto wa wiki tatu ambaye hajawahi kupanda gari; anasukumwa taratibu, mkono mmoja kifuani, mwingine matakoni. Daktari wa mifugo ameshampima jike na kusema leo ndiyo siku. Wakifika, analetwa kwanza dume la kujaribia, asiye na thamani kubwa, asimame ng'ambo ya kizuizi kilichofunikwa godoro, ili waone jike ametulia au atapiga mateke. Ndipo anapotolewa dume la mbegu lenyewe. Tendo linachukua dakika moja au mbili. Baada ya wiki mbili daktari anarudi na kipimo cha ultrasaundi kutazama kama mimba imeshika, na kama ni pacha, maana pacha kwa farasi ni hatari na mmoja huondolewa mapema. Halafu miezi 11 ya kungoja, na mwishoni usiku kadhaa wa kukesha zizini na tochi, kwa kuwa farasi hupenda kuzaa gizani.

Hesabu walioguswa hapo: daktari, dereva, muuza chakula, fundi wa kwato, kijana wa kushika kamba, mkulima wa jirani aliyeuza nyasi kavu. Hakuna hata mmoja anayeweza kufanyia kazi yake Dublin. Kampuni kubwa za kigeni za dawa na kompyuta, zilizoitajirisha nchi hiyo, zimejikusanya Dublin, Cork, Galway na viunga vyake. Farasi wanataka malisho, na malisho mazuri yako juu ya miamba ya chokaa ya Kildare na Tipperary, ambayo huipa nyasi madini ya kujenga mifupa. Ile sheria ya kukutana ana kwa ana inailazimisha pesa ishuke shambani. Sidhani kama kuna mpango wa serikali wa maendeleo vijijini uliowahi kufanya hivyo kwa uhakika kiasi hicho.

Mbio zenyewe nazo zimetawanyika. Mwanzoni mwa 2025 kisiwa kizima kilikuwa na viwanja 26, viwili vikiwa Ayalandi ya Kaskazini. Tamasha la Galway hujaza nyumba za wageni kwa siku saba kila kiangazi. Mji mdogo wa Listowel, kaunti ya Kerry, una wiki yake ya Septemba, na wenye maduka hapo huipangia mwaka mzima. Laytown, kaskazini ya Dublin, mbio hufanyika ufukweni mara moja kwa mwaka: bahari ikikupwa ndipo njia inapowekwa alama mchangani, na jioni maji yakijaa hakuna kinachobaki. Chini ya viwanja hivyo kuna mbio za ridhaa za miisho ya wiki, zinazokimbiwa kwenye mashamba ya wakulima na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Wexford imejijengea jina huko. Vijana wananunua farasi wa miaka mitatu, wanamfundisha kuruka viunzi, anashinda mbio moja matopeni akiwa na miaka minne, kisha anauzwa kwa wenye fedha wa Uingereza kwa bei mara kadhaa ya aliyonunuliwa. Huo ni ujuzi wa kijijini unaoleta fedha za kigeni, na ni haki yao kujivunia.

Hebu tugeukie upande wa pili.

Walio wengi mno kati ya wazalishaji wa Ayalandi wana majike wasiozidi watano. Hao ndio wanaotajwa bungeni kila fungu linapotetewa. Ila madume yenye thamani, ambako ndiko faida iliko, yako mikononi mwa wachache. Coolmore, shamba la kuzalishia farasi karibu na Fethard, Tipperary, ndiyo iliyokuwa na Galileo, dume aliyetawala uzazi wa farasi wa mbio hadi kufa kwake mwaka 2021. Kildangan, Kildare, ni ya Sheikh Mohammed wa Dubai. Gilltown, hukohuko Kildare, ilikuwa ya Aga Khan wa nne, aliyefariki Februari 2025, yuleyule aliyepitisha sehemu ya utoto wake Nairobi na kuanzisha kampuni ya magazeti ya Nation. Uwekezaji wao umeajiri watu wengi na kuipa nchi sifa, hilo silipingi. Lakini sheria iliwabeba. Kuanzia mwaka 1969, Charles Haughey akiwa waziri wa fedha, mapato ya ada za kupandisha, anazolipwa mwenye dume, hayakutozwa kodi. Msamaha huo ulidumu hadi mwisho wa Julai 2008, ulipofutwa baada ya Tume ya Ulaya kuuhoji. Karibu miaka 40 mwenye dume hakulipa kodi ya ada, huku kijana aliyemfagilia zizi akikatwa yake kwenye mshahara.

Mzalishaji mdogo ndiye anayebeba hatari. Mwaka 2007 Ayalandi ilizaa zaidi ya watoto 12,000 wa farasi wa mbio, uchumi ukiwa juu na kila mwenye ekari mbili akiota kuuza bingwa. Benki zilipoporomoka, wanunuzi walitoweka, na ndani ya miaka michache idadi ilishuka hadi kama 7,500. Mwaka 2012 zaidi ya farasi 24,000 wa kila aina walichinjwa katika machinjio ya nchi hiyo. Wenye madume walikuwa na akiba ya kuwavusha. Mwenye majike wawili alibaki na madeni na midomo ya kulisha. Maumivu ya wanyama hayakuishia hapo. Juni 2024 televisheni ya taifa, RTÉ, ilionyesha farasi wakipigwa katika eneo la machinjio moja huko Kildare, wakiwemo waliowahi kukimbia mbio. Sekta inayopokea kodi ya umma inapaswa kujua kila farasi wake aliishia wapi.

Kuna suala la wafanyakazi pia. Kwa miaka mingi mazizi yalihesabiwa kuwa kilimo, na kilimo kimesamehewa kanuni kadhaa za saa za kazi na mapumziko. Mwaka 2017 Mahakama ya Kazi iliamua, katika shauri la zizi la Ballydoyle la Tipperary, kwamba kumfundisha farasi wa mbio si kilimo, hivyo wafanyakazi wana haki ya mapumziko ya kila siku na kila wiki kama wengine. Wakufunzi walilia kwamba farasi hajui Jumapili. Ni kweli, lakini hata mgonjwa hospitalini hajui Jumapili, na wauguzi wanapangiwa zamu. Upungufu wa wafanyakazi ni mkubwa kiasi kwamba mazizi yamejaa Wabrazili na Wahindi. Ukisikia kwamba sekta inaokoa vijana wa kijijini, jiulize kwa nini vijana hao wanaikimbia. Naamini jibu liko kwenye mshahara, kuamka alfajiri, na kodi ya nyumba huko Kildare, ambako bei za Dublin zimeshafika.

Hoja ya kamari niipitie kwa ufupi. Watetezi husema mfuko unarudisha tu kile ambacho mbio huingiza kupitia kodi ya kubeti, iliyopandishwa kutoka asilimia 1 hadi 2 mwaka 2019. Lakini kodi hiyo hutozwa pia kwa anayebeti mpira wa Uingereza au tenisi. Na taasisi ya utafiti ya ESRI ilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 kati ya 30 nchini humo ana tatizo la kamari, mara kumi ya makadirio ya zamani. Sheria ya mwaka 2024 imezuia matangazo ya kamari kwenye televisheni na redio kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 3 usiku, na watu wa mbio waliipinga wakihofia chaneli za mbio zitakufa. Naelewa hofu yao, ila naiunga mkono sheria: kijiji hakiwezi kuhesabu mshahara wa zizini kisha kisihesabu mshahara ulioishia kwenye kubeti.

Msimamo wangu ni kwamba ruzuku ibaki. Kuifuta kungemwangusha kwanza yule mwenye majike wawili na fundi wa kwato, si mwenye Coolmore. Lakini zawadi za mbio, zinazomeza sehemu kubwa ya fedha hizo, kwa tabia yake humfuata mshindi, na washindi ni walewale. Hilo hata Horse Racing Ireland wameliona, ndiyo maana walitangaza mbio 60 za viunzi kwa mwaka 2025 ambazo wakufunzi wanne wakubwa, akiwemo Willie Mullins wa Carlow, hawangeruhusiwa kuingiza farasi. Walikosolewa kwamba wanaadhibu ubora. Mimi naona ni hatua sahihi iliyo ndogo mno. Mbio ndogo za mikoani zipate fungu lake lisiloguswa. Mkufunzi anayevunja saa za kazi asipokee zawadi yenye fedha ya umma ndani yake. Na sehemu iende moja kwa moja kwa mzalishaji wa majike wachache ambaye farasi wake ameshinda, hata kama alishamuuza miaka mitatu nyuma.

Nasema hivyo nikimfikiria yule mkulima wa Limerick na kalenda yake. Ada za kupandisha kwa kawaida hulipwa tarehe 1 Oktoba, karibu na siku bajeti inaposomwa. Analipia mimba ambayo bado iko tumboni, huku mtoto aliyesukumwa kwenye trela mwezi Machi bado hajauzwa. Novemba anampeleka Goffs, huko Kill, kwenye mnada wa watoto wa farasi. Anazungushwa uwanjani dakika mbili hivi, dalali akiita bei. Nyundo ikigonga chini ya ada aliyolipa mwaka uliopita, anarudi naye nyumbani kwenye trela ileile, na nyasi kavu za kumvusha baridi inabidi azinunue kwa jirani kwa mkopo.