Nani ashike usukani mita 60 kutoka ardhini?

Machi 1968 Jeshi la Anga la Marekani lilipeleka ndege 6 za mashambulizi za F-111A katika kituo cha Takhli, Thailand, zikajaribiwe kwenye vita vya Vietnam. Kabla Aprili haijaisha, 3 zilikuwa zimeshapotea. Septemba 1972 ndege za aina hiyohiyo zikarudi Takhli, safari hii 48. Ziliruka zaidi ya mara 4,000, na zilizopotea vitani zilikuwa 6. Anayeisifu rada yao ya kufuata ardhi, ile inayoiongoza ndege yenyewe chini kabisa, hukutajia 1972, anayeiponda hukutajia 1968. Rada ni ileile, sasa tumwamini nani?

Tuanze na kazi yenyewe. Antena iliyomo puani mwa ndege hupigapiga mawimbi mbele, juu na chini. Kompyuta hupima umbali na kimo cha kilichoko mbele, kisha huuamuru mfumo wa kujiendesha uinue pua au uishushe. Rubani huchagua kimo, kuanzia futi 200, yaani kama mita 60, na huchagua pia ukali wa safari: laini, wastani au mgumu. Akiweka mgumu, ndege ikivuka tu kilele inajitupa bondeni, na waliomo wanaachwa wakining'inia kwenye mikanda.

Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, ndege inakula mita 250 kila sekunde. Kilima kilicho kilomita 2 mbele kimebakiza sekunde 8. Fanya hivyo usiku, ndani ya wingu, mikono ikiwa mapajani. Hapo ndipo ninapowaelewa marubani wa 1968 walioishuku rada kabla ya kitu kingine chochote. Lakini uchunguzi wa ajali za F-111 mwaka ule ulikuta pia ulehemu mbovu kwenye kifaa kinachoendesha mkia. Mkia ukiacha kutii mita 60 kutoka ardhini, hakuna nafasi ya kusahihisha. Kwa maoni yangu, kosa kubwa la 1968 lilikuwa haraka: ndege changa ilipelekwa kufanya kazi isiyosamehe hata kosa dogo.

Faida yake haikuwa ndogo. Mwaka 1972 kila F-111 iliingia Vietnam Kaskazini usiku, peke yake, bila wasindikizaji, hata wakati wa mvua zilizozilaza ndege nyingine. Makombora ya SA-2, yaliyotungua ndege kutoka ardhini, yalitegemea rada ya ardhini, na rada hiyo haioni nyuma ya mlima.

Hata hivyo, rada hii ina hila zake. Ni kama tochi: ukimulika njia, na wewe unaonekana. Maji yaliyotulia hurudisha mwangwi hafifu, kwa hiyo juu yake kipimakimo cha rada ndicho kinachobeba mzigo. Mvua kubwa inaweza kuonekana kama kilima, ndege ikapanda bure. Na kinga yake kuu ina ukakasi: rada ikipoteza ishara, ndege hujiinua yenyewe. Inakuepusha na mlima, inakupandisha kwenye macho ya SA-2.

Tena, kukwepa kilima si kujua uko wapi. Hiyo ilikuwa kazi ya jairoskopu, vifaa vinavyohisi kila mgeuko wa ndege, ambazo hupotoka kidogo kidogo kadiri saa zinavyopita. Mwongozaji aliyekaa bega kwa bega na rubani alilazimika kuinamia kioo cha rada nyingine, akitafuta kona ya mto au daraja ili airekebishe hesabu. Watu hawa husahaulika sana katika mjadala huu, wakati bila wao ndege ingefika salama pasipohitajika.

Kwa hiyo nasimama upande wa rada, ila kwa zama zake. Januari 1991, katika Vita vya Ghuba, ndege za Tornado za Uingereza zilianza kwa kushambulia viwanja vya ndege vya Iraki zikiwa chini kabisa, usiku, zikiongozwa na rada ya namna hii. Kabla ya mwezi huo kwisha zilikuwa zimehamia juu, baada ya kupoteza kadhaa. Rada ilikuwa na uwezo wa kuzikwepesha vilima. Haikuwa na jibu kwa mizinga ya askari waliofyatua gizani kuelekea mlio tu, bila kulenga chochote.