Safari Kubwa Hudai Muda Kabla ya Kudai Koti

Mkazi wa Dar es Salaam anapotangaza kwamba anakwenda kupanda Mlima Kilimanjaro, au kwamba amepata nafasi ya kusoma ama kufanya kazi ng'ambo, jambo la kwanza linalofuata kwa kawaida ni kundi la WhatsApp la michango, na la pili ni mizunguko ya Karume na Kariakoo kutafuta koti zito, viatu na sanduku kubwa. Sina ugomvi na sherehe ya kuaga, wala na mtumba wa Karume, ambako mwenye subira hupata koti la baridi lililo bora kuliko mengi ya dukani. Hoja yangu ni kwamba vitu vinavyonunulika ndivyo sehemu nyepesi ya maandalizi, na kwa kuwa ni vyepesi tunavikimbilia kwanza, ilhali mambo yanayoamua safari itakwendaje ni yale yanayodai wiki na miezi: mwili, karatasi, na makubaliano na watu tunaowaacha nyumbani.

Nianze na mlima. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na sisi tunaishi kwenye usawa huohuo wa bahari. Kule juu mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Coco Beach, kwa hiyo kila pumzi humpa mtu karibu nusu tu ya oksijeni aliyoizoea. Mwili una uwezo wa kuizoea hali hiyo, lakini huizoea kwa siku, si kwa saa, na mazoezi hayafuti hitaji hilo. Ndiyo maana kijana mwenye kifua kipana, anayekimbia Daraja la Tanzanite kila alfajiri, anaweza kuumwa kichwa na kutapika huku mama wa makamo anayetembea taratibu akimpita bila neno. Njia ya Marangu, ambayo wengi wetu huichagua kwa kuwa ina vibanda vya kulala, hupandwa kwa siku tano kwenda na kurudi, au kwa siku sita iwapo mpandaji ataongeza usiku mmoja Horombo, mita 3,720, ili mwili upate nafasi. Kutoka kibanda cha Kibo, kilichoko zaidi ya mita 4,700, watu huondoka karibu na saa sita usiku na kupanda takriban mita 1,200 kabla ya kufika kileleni. Mwenye fedha za kuchagua kati ya koti jipya na usiku ule mmoja wa Horombo, kwa maoni yangu, auchukue usiku huo, kwa sababu makoti na mifuko ya kulalia hukodishwa Moshi na Arusha, lakini siku za kuzoea hewa hazikodishwi.

Kuna jambo la afya ambalo halizungumzwi vya kutosha katika vikundi vyetu vya kupanda mlima, nalo ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, na wapo wengi zaidi waliobeba vinasaba vyake bila kujua, kwa kuwa hawaumwi. Hewa yenye oksijeni chache ni hatari ya wazi kwa mgonjwa wa selimundu, na hata aliyebeba vinasaba tu anaweza, ingawa si mara nyingi, kupata madhara ya bandama akiwa juu sana. Kipimo cha damu hufanyika hospitalini hapahapa mjini, na kinapaswa kutangulia malipo ya safari. Sielewi kwa nini fomu za kujiunga na makundi hayo huuliza saizi ya fulana na kuacha kuuliza jambo hili.

Mazoezi nayo yana wakati wake. Dar es Salaam ni jiji la tambarare, na mtu anaweza kutembea hapa mwaka mzima bila kugundua kwamba magoti yake hayajui kuteremka. Milima ya Pugu huko Kisarawe ni mwanzo mzuri, ngazi za jengo refu husaidia, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, safari ya Morogoro kwa ajili ya kupanda Uluguru imekuwa jambo la mwisho wa wiki. Viatu vivaliwe katika matembezi hayo yote, kwani kiatu kipya kinachovaliwa kwa mara ya kwanza langoni Marangu kitamlipa mwenyewe malengelenge. Wanaopanda kuadhimisha Uhuru, kwa kumbukumbu ya mwaka 1961 Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge kileleni, wakumbuke pia kwamba Desemba 9 iko jirani sana na mvua za vuli, na nguo kavu katika mfuko usiopitisha maji zina thamani kuliko nguo nyingi. Mzigo wa mpagazi una ukomo wa kilo 20, na haupimwi kwa huruma ya mteja aliyefanya manunuzi mengi.

Kwa anayehamia ng'ambo, kinachochukua nafasi ya hewa nyembamba ni karatasi. Tatizo kubwa kuliko yote ni majina. Mtu ameandikwa Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Mohammed katika cheti cha kidato cha nne, na Muhammad katika kitambulisho cha NIDA. Mwingine ana jina la babu kwenye nyaraka moja na hana kwenye nyingine. Dada aliyeolewa ana majina ya pande mbili. Kwa miaka mingi tofauti hizi hazimsumbui mtu, kwa sababu sote tunamjua ni nani, mpaka zinapofika mbele ya ofisa asiyemjua. Kuzisahihisha kunadai kiapo, ziara za RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, au NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, na kusubiri. Ombi la pasipoti nalo huhitaji uthibitisho wa uraia wa mzazi, na mara nyingi mtu hugundua akiwa njiani kwenda Uhamiaji kwamba cheti cha kuzaliwa cha baba hakijawahi kuwepo.

Nchi mwenyeji huongeza muda wake juu ya wetu. Uingereza, kwa mfano, humtaka Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita apimwe kifua kikuu kabla ya kuomba viza, na mwanafunzi anayetakiwa kuonyesha fedha zake lazima awe nazo akauntini kwa siku 28 mfululizo. Michango iliyokusanywa Jumamosi na kuingizwa benki Jumatatu haisaidii chochote hapo, iwe mingi kiasi gani. Maofisa wa viza wa nchi nyingi huzitilia shaka fedha nyingi zilizoingia kwa mkupuo mmoja.

Baridi wengi wanaijua kwa kusikia. Giza hawalijui: sisi tuliozoea jua kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima tunapaswa kuambiwa mapema kwamba London, mwezi Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi alasiri.

Kisha kuna mambo madogo ambayo ukiwa hapa ni ya nusu saa, na ukiwa mbali hayawezekani. Laini ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole, na ikipotea ughaibuni huwezi kuirudisha kwa kumtuma mdogo wako dukani, kwa sababu vidole vinavyotakiwa ni vyako. Na laini hiyo ndiyo inayopokea namba za siri za benki na fedha za simu. Kiwanja cha Kigamboni au Chanika kinahitaji mtu mwenye hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa na wakili, si binamu mwenye nia njema. Deni la Bodi ya Mikopo halifutiki kwa kuvuka mpaka, na ni heri kupanga marejesho yake kabla ya kuondoka. Anayekwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba asome mkataba wake kwa lugha anayoielewa, aache nakala yake na ya pasipoti kwa ndugu, na ahakikishe kwamba wakala wake ana kibali cha serikali.

Gumu kuliko hayo ni mazungumzo ya fedha na ukoo. Msafiri huondoka akiwa amebeba matarajio ya ada za wadogo, dawa za mzazi na paa la nyumba ya kijijini, na hakuna aliyetaja kiasi. Naamini kiasi kitajwe kabla, mbele ya baba au mjomba mwenye kauli, na itajwe pia miezi ya mwanzo ambayo hakitatumwa kitu, kwa kuwa kodi ya chumba na amana yake vitameza kila senti. Ni mazungumzo mazito, na wazee wengine watayaona kama utovu wa adabu, hasa yakianzishwa na kijana; ndiyo sababu yanafaa kufanywa taratibu, kwa vikao zaidi ya kimoja.

Nitajibiwa kwamba nafasi hazisubiri, kwamba barua ya ufadhili huja ikiwa imebakiza wiki tatu. Ni kweli, na hilo linanipa sababu zaidi, kwa kuwa pasipoti ya mtu mzima hudumu miaka 10 na majina yaliyokwisha kusahihishwa hubaki hivyo. Kijana anayemaliza chuo mwaka huu, hata kama hana safari yoyote kichwani, angeweza kuanza kukagua herufi za jina lake wiki hii, na kumwuliza baba yake alizaliwa kata gani na kama kuna yeyote aliyebaki huko wa kuapa kwamba anamfahamu.