Ile Kitu ya Fahali

Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia, nikajua msiba. Saa hiyo simu hailii kwa jambo jingine. Mama watoto kaamka kajifunga kanga, tumekaa kitandani tunahesabu wazee waliobaki kijijini, nani atakuwa katangulia. Kumbe shemeji yangu, yuko Dubai. Jana usiku nilimtumia picha ya mbwa wake akifaidi shingo ya kuku, nikitegemea shukrani.

“Shemeji,” analia, “unataka kumuua Chokoleti!”

Chokoleti ni mbwa. Naeleza kwa sababu wageni huuliza. Ni wale wa Chihuahua, macho yamemtoka kama kaona bili ya maji, uzito kilo mbili na robo. Tulimpima kwenye mizani ya mama wa dagaa, ambaye baadaye aliiosha kwa maji ya moto huku ananitazama. Jogoo wetu anamzidi, na jogoo analijua hilo. Huyu mbwa aliletwa hapa Tabata kwa “wiki mbili tu, shemeji”. Huu mwezi wa tatu. Na hilo jina! Chokoleti kwa mbwa ni sumu. Ni sawa na kumwita mwanao Sumu ya Panya. Ila sina mdomo wa kusema, ukoo wetu una Tabu wawili na Shida mmoja.

Sasa huyu kiumbe anatafuna. Kashakula kandambili za msalani, kona ya rimoti, na ile sehemu ya picha kwenye kitambulisho changu cha kazi, kwa hiyo mimi kwa sasa ni jina lisilo na uso. Shemeji anasema si kosa lake, mbwa kaumbiwa kutafuna, na hawa wadogo meno yasipopata kazi yanaota ukoko, fizi zinavimba, mwisho yanang'oka. Mbwa mzima ana meno 42, awe mbwa wa polisi au Chokoleti. Arobaini na mawili! Kwenye mdomo unaolingana na kiberiti! Yamebanana kama abiria wa Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni: mmoja kakaa, mwingine kasimama upande, wa tatu ananing'inia mlangoni.

Basi mfupa wa kuku una kosa gani? Nimesomewa mashtaka kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba: ukishapikwa unakauka, ukivunjwa unatoa vipande vyenye ncha kama sindano, vinachana koo, vinatoboa utumbo. Nikataka kumjibu kwamba kwetu Singida tulikuwa na mbwa anaitwa Simba, kala mifupa ya kuku maisha yake yote. Halafu nikakumbuka Simba alikufa ana miaka mitatu, usiku mmoja, analia. Baba alisema karogwa na jirani. Tuligombana na yule jirani mpaka akahama. Nikanyamaza.

Nikatumwa duka la vyakula vya mbwa, huko upande wa wenye nazo. Kiyoyozi, muziki wa taratibu, mbwa wamevaa nguo. Kijana wa dukani kaniuliza mimi ni baba wa nani. Nikamwambia mimi si baba yake, ni shemeji wa mama yake. Akaandika. Kanionyesha ngozi ya ng'ombe iliyofungwa fundo. Shemeji kashaipiga marufuku, maana ikiloa inavimba, na kipande kikimezwa kinakwama. Kanionyesha siagi ya karanga ya kupaka ndani ya mpira. Hiyo nayo nisome kopo kwanza, kama ina zailitoli, ile sukari bandia ya kwenye bigijii, mbwa anakufa. Kisha akatoa kijiti cha kahawia, kirefu kama kalamu. Shilingi 28,000. Nikauliza ni cha nini. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaninong'oneza.

Ndugu zangu, ilikuwa ile kitu ya fahali. Imekaushwa.

Kwa 28,000 mimi napata kilo mbili za nyama na nauli ya kurudi, tena za fahali huyohuyo, sehemu unazoweza kuzitaja mbele za wakwe. Nikajiambia, hapana. Mimi ni mtu mzima wa miaka 47, baba wa watoto watatu, katibu wa ulinzi shirikishi wa mtaa. Bucha ipo hapo kona. Ng'ombe wote wanaochinjwa nchi hii hawawezi kuwa majike. Nitanunua mbichi, nitaanika juu ya bati, nimekomesha wafanyabiashara.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda Jumamosi saa tatu asubuhi. Foleni imefika mpaka kwa fundi viatu. Mbele yangu kuna mjumbe wetu, na nyuma kuna mama mweka hazina wa kikoba cha mke wangu, mwanamke ambaye habari ikimwingia sikioni inatokea Segerea. Nikaamua kuwa mstaarabu. Zamu yangu ilipofika nikainama dirishani, nikasema kwa sauti ya msikitini, “Mkuu, ile kitu ya fahali mnayo?”

“Ipi bosi? Ulimi?”

“Siyo ulimi.”

“Mkia?”

“Karibu na mkia. Kwa chini.”

“Kongoro?”

“Kongoro ni mguu, bwana. Ile ya… ya ubaba.”

Akasimamisha panga hewani. Akanitazama kwa huruma ambayo sijatazamwa nayo tangu nifeli darasa la saba. Halafu, badala ya kujibu, akageuka akapaza sauti kwa dogo aliyeko nyuma anakata utumbo: “Oya! Bosi hapa anataka UUME WA NG'OMBE! Umebaki?”

Foleni nzima ikanyamaza. Hata fundi viatu akaacha kupiga nyundo.

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeteleza kwenye tope kavaa suti. “Ni wa mbwa,” nikasema. “Kuna mbwa pale nyumbani, mdogo, meno yake yana shida.”

“Enhe, wa mbwa,” akadakia mzee mmoja. “Na mimi dawa ya minyoo huwa namnunulia jirani.”

Hapo foleni ikawa zahanati. Mmoja kasema niachane na ng'ombe, supu ya pweza pale stendi, vikombe viwili, kabla ya kulala. Mwingine kaleta habari za alkasusu. Kijana wa bodaboda, mtoto wa juzi, namfahamu tangu anatembea bila suruali, kanishika bega: “Mzee wangu, mihogo mibichi, nazi na karanga. Siku saba tu. Usikate tamaa.” Usikate tamaa! Mama wa kikoba hakusema neno. Alikuwa kashika simu, kidole gumba kinakwenda.

“Jamani, mbwa anaitwa Chokoleti!” nikapiga kelele. “Ana kilo mbili na robo!” Nakiri haikusaidia.

Dogo wa nyuma akarudi kufuta mikono. Hakuna. Kuna mzee wa Buza huwa anapita alfajiri anabeba zote. Yaani nimevuliwa heshima mbele ya mtaa, na bidhaa yenyewe sikuipata. Nikaondoka na nusu kilo ya maini nisiyoihitaji. Nimefika kwenye mtaro, nasikia mtu ananifuata anahema. Mjumbe. Kanivuta pembeni, kaangalia nyuma, kasema chini chini: “Katibu, ukiipata… unaichemsha au unaichoma?”

Nyumbani nikamkuta mama watoto kakaa barazani, simu mapajani. Hakuniuliza kitu. Kaniandalia uji wa karanga.

Nikaishia kwa daktari wa mifugo, ambaye wateja wake ni ng'ombe wa maziwa na kuku wa mayai, na chumba chake kinanuka dawa ya kupe. Huyo ndiye kanihesabia yale meno. Kasema ile kitu ya fahali haina ubaya sana, ila ina nguvu nyingi, zile kalori, kwa mbwa wa saizi hii. Vitafunwa vyote kwa siku visizidi asilimia 10 ya chakula chake. Tena kiwe kikubwa kuliko mdomo, nimsimamie, kikibaki kipande cha kumezeka nimpokonye. Mambo ya kuanika juu ya bati kayakataa: nitakuwa namwanikia vijidudu. Halafu kanifundisha kipimo: bonyeza kwa ukucha, kisipobonyea ni kigumu, kitavunja jino. Au jigonge nacho gotini, kikiuma, usimpe. Alikuwa na kwato la ng'ombe mezani. Nikajigonga. Daktari kaniambia watu huwa wanajigonga taratibu.

Kwa hiyo natembea kwa kuchechemea, mtaani wanajua kwa nini, na wanachojua sicho.

Suluhisho, mtanicheka, ni karoti. Karoti mbichi, ndefu, imelazwa kwenye friza, mwenyewe anailamba na kuing'ata huku macho yamefumba. Shilingi mia mbili. Shida ni friza. Ni ya biashara ya mke wangu ya barafu za ubuyu, na umeme ukikatika mchana zinayeyuka, karoti inatoka imepaka ubuyu, namwosha mbwa ndevu jioni kama mtoto wa chekechea. Watoto wa mtaa nao wameanza kuulizia barafu ya karoti.

Na kila nikipita stendi, yule muuza mihogo ananifungia kabla sijasimama. Mihogo miwili, nazi, karanga, chumvi na pilipili kwenye gazeti. Nimeacha kubisha, nalipa. Ila nazi yake siku hizi anaikata nyembamba mpaka unaweza kusoma gazeti kupitia humo, na jana nimemuuliza kwa nini, akasema nazi zimepanda bei. Nimepigia simu binamu yangu yuko Mafia, anazo shambani zinaanguka zenyewe, hakuna wa kuziokota. Anataka nimtumie nauli ya boti. Nauli ya nini, mimi nataka nazi!