Kabla ya dexa, tuulize oksijeni

Shangazi yangu anauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Alipoanza kukohoa na kuumwa mwili mzima, siku ya pili tu akaletewa dexa (deksamethasoni, dawa inayotuliza kinga ya mwili) kutoka duka la dawa: vidonge vidogo vyeupe ndani ya karatasi ya kaki, bila jina wala maelekezo. "Hii inakata, mama." Hakuna aliyemuuliza kama ana sukari. Anayo.

Siku ya nne nilimkuta kizingitini, kopo la maji mkononi, kiu haishi. Zahanati wakampima: sukari 24, juu mno. Kisha nesi akambana kidoleni kile kipimo cha oksijeni, kidole bado kina magamba ya dagaa. Kikasoma 97. Mapafu yake yalikuwa salama. Kilichomuumiza ni dawa, iliyompandishia sukari.

Dexa siichukii. Juni 2020 watafiti wa Oxford, kwenye jaribio la RECOVERY, walionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10, zilipunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kwa karibu theluthi moja, na vya waliokuwa kwenye oksijeni kwa karibu moja ya tano. Kidonge cha bei ya chini kabisa! Ila jaribio hilohilo halikuona faida yoyote kwa wasiohitaji oksijeni. Kati yao walifariki asilimia 17.8 ya waliopewa dexa na 14.0 ya wasiopewa. Tofauti hiyo huenda ni bahati tu, lakini mimi nisingempa shangazi kwa kubahatisha.

Mwanzoni mwa korona kirusi ndicho kinachozaliana, na kinga ya mwili ndiyo inayokizuia. Ukimeza dexa hapo, umewafunga mikono walinzi wako mwizi akiwa bado ndani. Kwa wachache, mara nyingi kuelekea wiki ya pili, kirusi kinapungua lakini kinga haitulii: mishipa midogo ya mapafu inavuja, vifuko vya hewa vinajaa majimaji, oksijeni inashuka. Huyo ndiye mgonjwa wa dexa. Na huku kwetu ambako watu wanalima pekupeku kuna jambo jingine: dawa hii ikishusha kinga, ipo aina ya minyoo ya udongoni inayoweza kusambaa mwilini hadi ikaua.

Ninachodai ni kipimo cha kidoleni katika kila zahanati ya mwambao na visiwani, na muuza dawa asimpe mtu dexa kwa sababu ya kikohozi. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), korona ikishusha oksijeni chini ya asilimia 90 huo ni ugonjwa mkali. Mtu huyo anahitaji mtungi wa oksijeni na daktari. Aliyeko kisiwani Ukerewe akibanwa kifua usiku anasubiri meli ya asubuhi, kwa hiyo namba ile anatakiwa aijue mapema, jioni, kabla giza halijaingia.

Shangazi amerudi mezani kwake. Sukari imeshuka, bado haijakaa sawa.