Barakoa dukani: nani alistahili kusimama mlangoni?

Juni 20, 2022, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya, alirudisha amri ya kuvaa barakoa ili kuzuia korona ndani ya supamaketi, sokoni, ofisini, kwenye magari ya abiria na katika nyumba za ibada. Ilikuwa imepita miezi mitatu tu tangu yeye mwenyewe aondoe ulazima wa kuivaa hadharani, Machi 11. Amri hiyo ya pili haikushika. Kampeni za uchaguzi wa Agosti 9 zilikuwa zimepamba moto, viwanja vimejaa watu wasio na barakoa, wanasiasa wenyewe wakiwa jukwaani uso wazi. Madukani mambo yakawa yale yale.

Wengi walisema Wakenya wamechoka. Kuchoka walichoka. Ila nadhani chanzo ni cha zamani zaidi, nacho ni jinsi amri ya kwanza ilivyotekelezwa mwaka wa 2020. Maradhi ya kuambukizana kwa hewa yatarudi siku moja, na yakirudi swali la barakoa dukani litarudi nayo. Basi ni heri tulipime sasa tukiwa tumetulia.

Nianze na wanaoitetea barakoa dukani, maana hoja yao nzito kuliko zote haikusikika vya kutosha. Matangazo ya serikali yalimlenga mteja: vaa ujikinge, umkinge na mzazi wako nyumbani. Lakini mteja si yeye aliye hatarini zaidi dukani. Mteja huingia, akachukua unga na sukari, akapanga foleni, akaenda zake. Keshia yuko pale pale tangu asubuhi. Mbele yake hupita mamia ya nyuso kwa siku, kila uso umbali wa mkono tu, huyu akiuliza bei, yule akilalamika kwamba chenji haikutimia, mwingine akimtajia namba ya simu kwa sauti ya juu kwa sababu mashine zinalia kila upande. Maduka mengi makubwa mijini yako orofa ya chini ya jengo, hayana dirisha hata moja. Sakafuni zilibandikwa alama za kuwatenganisha watu kwa mita moja na nusu, lakini hakuna alama iliyoweza kumtenga keshia na anayemlipa. Na kipima joto cha mlangoni hakikumsaidia kitu, kwani virusi vya korona huambukiza hata kabla mtu hajapata homa.

Kwa hiyo mteja aliposema "uso ni wangu, nikiugua nitaugua mimi," alikuwa anamsahau mtu aliyesimama mbele yake, ambaye hakuwa na hiari ya kuondoka. Hapo mimi siyumbi.

Je, barakoa yenyewe ilifaa? Wapinzani wana la kushika hapa, na si haki kuwaita wajinga. Kenya ilifanya barakoa kuwa lazima Aprili 2020, ilhali Shirika la Afya Duniani lilisubiri hadi Juni 5 mwaka huo ndipo likashauri umma uvae za kitambaa mahali ambapo watu hawawezi kutengana. Kabla ya hapo lilikuwa likisema watu wazima wasio wagonjwa hawazihitaji. Mwananchi aliyesikia kauli mbili ndani ya majuma machache alikuwa na sababu ya kutilia shaka zote mbili. Nchini Denmark, jaribio la watu wapatao 6,000 lilikuta walioshauriwa kuvaa wameambukizwa kwa asilimia 1.8, na wale wengine asilimia 2.1, tofauti ndogo mno kuthibitisha lolote. Hata hivyo jaribio hilo lilipima kama barakoa inamkinga anayeivaa. Halikupima kama inawakinga walio karibu naye, na hilo ndilo suala la keshia.

Ushahidi unaokaribia maisha yetu ulitoka Bangladesh. Huko watafiti walifuatilia vijiji 600 na watu wazima zaidi ya 340,000, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2021. Katika vijiji vilivyogawiwa barakoa na kuhimizwa, uvaaji ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42, na maambukizi yenye dalili yakapungua kwa takriban asilimia 9. Kwa wazee waliopita miaka 60, kwenye vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, upungufu ulikuwa mkubwa zaidi, asilimia 35. Barakoa za kitambaa hazikutoa matokeo ya wazi. Wakenya wengi walivaa za kitambaa, zilizoshonwa na mafundi wa mtaani, kwa hiyo mwenye kuzitetea akubali kwamba kinga tuliyopata huenda ilikuwa ndogo kuliko tulivyoahidiwa. Ndogo si sawa na hakuna.

Hoja ya wapinzani inayonigusa zaidi haihusu virusi hata kidogo. Kanuni za Aprili 2020 ziliweka faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita kwa asiyevaa. Wakati huo kima cha chini cha mshahara wa kibarua jijini Nairobi kilikuwa shilingi 13,572 kwa mwezi. Yaani kosa la kuteremsha barakoa kidevuni lingeweza kummezea mtu mshahara wa mwezi mzima na nusu ya unaofuata, katika mwaka ambao wengi hawakuwa na mshahara wowote. Aliyepewa kazi ya kuisimamia amri hiyo ni polisi. Juni 25, 2020, huko Lessos, Kaunti ya Nandi, mzozo uliozuka kati ya polisi na mwendeshaji bodaboda kuhusu barakoa uliishia kwa watu watatu kupigwa risasi na kufa. Baada ya hapo ungemwambiaje mtu wa Lessos kwamba barakoa ni kwa usalama wake?

Hapo ndipo barakoa ilipobadilika ikawa kitu cha kumwonyesha askari. Mlangoni mwa supamaketi ungemwona mtu akiichomoa mfukoni, imekunjamana, akaivaa hadi ampite mlinzi, na akifika rafu ya mikate iko kidevuni. Wengine waliazimana: anayetoka anaivua, anayeingia anaivaa ingali na joto la mwenzake. Kitendo hicho kinavunja lengo lote la afya na kinatimiza amri kikamilifu.

Utafiti mmoja uliofanywa vijijini magharibi mwa Kenya ulilianika jambo hili. Walipoulizwa, zaidi ya robo tatu ya watu walisema huvaa barakoa hadharani. Watafiti walipokwenda kutazama kwa macho, waliovaa walikuwa kiasi cha mmoja kati ya kumi. Sioni kwamba watu hao walikuwa waongo kwa hulka. Walijua jibu linalotakiwa na wenye mamlaka, wakalitoa.

Amri pia haikutofautisha duka na duka. Kwenye kioski cha mtaani mteja husimama nje, barabarani, muuzaji yuko ndani nyuma ya wavu wa chuma, na biashara ya mkate na maziwa huisha kwa dakika moja. Kumdai mteja huyo barakoa sawa na aliye ndani ya duka lisilo na dirisha ni kumfundisha kwamba sheria haina akili, na akishajifunza hilo haamini hata pale inapokuwa nayo. Viziwi nao walisahauliwa kabisa. Anayesoma midomo alisimama mbele ya keshia asielewe anaambiwa nini, foleni nyuma yake ikinung'unika.

Nikipima yote haya, nabaki upande wa barakoa ndani ya maduka yaliyofungwa, na naukataa upande wa pingu. Mlango wa duka ulikuwa mahali pazuri pa kuweka sharti, kwa kuwa mwenye duka ana wajibu kwa wafanyakazi wake na mteja ana pengine pa kwenda. Asiye na barakoa apewe, asiyetaka kabisa ahudumiwe nje. Huko Bangladesh watu hawakubadilika kwa kutumiwa ujumbe wa simu, wala viongozi wa kijiji kuahidiwa zawadi hakukuongeza kitu. Kilichofaa ni kupewa barakoa bure na kukumbushwa ana kwa ana na mtu asiye na rungu mkononi.

Atakayeuliza nani alipe ameuliza la maana, kwa sababu duka dogo haliwezi kuubeba mzigo huo peke yake. Mwaka wa 2020 kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui, kilichokuwa kikishona sare za shule, kiligeuzwa kikaanza kutengeneza barakoa za hospitali. Uwezo wa kaunti kuzitengeneza ulikuwepo. Sijaona kwa nini fedha za kuwasaka na kuwafikisha mahakamani wasiovaa zisingeenda huko, maboksi yakapelekwa kwa wenye maduka na kuwekwa pale pale penye kitakasa mikono.