Miksitepu ya chumbani si uzembe

Hapa Malindi maprodyuza wenye studio wanalalamika ati vijana wanaojirekodia nyumbani wanaharibu soko, mtu anatoa miksitepu ya ngoma 12 zinasikika kama ameimbia ndani ya debe. Na kiasi wana haki. Vokali, yaani sauti ya mwimbaji, inapiga kelele, besi imezama, ukiisikiliza kwenye spika ya tuktuk nusu ya maneno huyashiki. Biti nazo nyingi zimeshushwa YouTube, imeandikwa bure lakini bure yenyewe ni usifanye biashara, sa ngoma ikishika tu mwenye biti huyo anajitokeza. Kwa hilo la biti sina utetezi.

Lakini tupige hesabu. Tangu 2024 Spotify hawalipi ngoma ambayo haijafikisha mara 1,000 kusikilizwa ndani ya miezi 12, na kila ngoma inahesabiwa peke yake. Yaani dogo wa mtaa wa Maweni akitoa ngoma 12 na kila moja ikasikilizwa mara 900, jumla ni mara 10,800, na mfukoni haingii hata shilingi. Mara elfu kumi na ushee! Hata ikivuka hiyo 1,000 ni dola chache tu. Huyo ndo unamwambia alipie studio ngoma zote 12, juu yake mikisi (kusawazisha sauti na biti) na masta (kuing'arisha ngoma mwisho kabisa), na nauli ya Mombasa kwa vile ati za huko ndo kali, atairudisha na nini?

Prodyuza mmoja alinijibu, basi arekodi moja tu, ya maana. Hapo nilinyamaza kidogo, maana hesabu yangu mwenyewe inamuunga mkono, mara 10,800 zikiwa za ngoma moja inalipwa. Ila hiyo moja ya maana inatoka wapi kama hajapitia zile mbovu? Studio saa inahesabiwa, ukikosea mara ya tatu prodyuza ashaanza kuangalia simu.

Nilikaa usiku mmoja na dogo wa mtaa wa Shella akirekodi. Godoro kalisimamisha ukutani nyuma ya maiki, blanketi mlangoni, feni kaizima kwa sababu maiki inaidaka, jasho linamtiririka mpaka kwenye kikoi. Anaanza saa saba usiku tuktuk zikipungua, adhana ya alfajiri ikilia anafunga kazi. Mstari mmoja kaurudia mara 19, mara pumzi inakatika, mara herufi p inapasua maiki, mpaka akajua mwenyewe asogee shubiri moja nyuma na ageuze mdomo kidogo. Hiyo 19 nani angemlipia? (Na wazee wanaocheka sauti ya chumbani, kanda zao za taarab za harusini zimejaa vigelegele na watoto wanaolia, na hawajazitupa.)

Kwenye mikisi ndo nawapa wenye studio ushindi, sikio la mtu wa miaka mingi hulipati kwa kutazama video. Dogo wa Shella naye anajua, kati ya ngoma zake 12 mbili alizoziona kali kawapelekea, kumi zilizobaki ziko kwenye flashi inazunguka kwenye tuktuk. Prodyuza alipozisikia hizo vokali aliuliza kitu kimoja tu, godoro mbona dogo hakuliweka nyuma ya mgongo wake mwenyewe, upande ambao maiki inautazama.